Wenzetu kambi ya wanamaji wameifanya maktaba, sisi ya kwetu tunaikatia tiketi

Kuna maneno wabongo tunayapenda sana tukishavuka maji, "wenzetu wanathamini historia, sisi tunaiacha ianguke". Mi siyakubali hivi hivi. Niko Medway, huku Kent, Uingereza, miaka kadhaa sasa, nimesoma ndani ya iliyokuwa kambi ya jeshi la majini pale Chatham, na nikiwaangalia hawa jamaa sioni mapenzi yoyote ya ajabu na matofali, nachoona ni kwamba jengo la zamani wamelipatia kazi ya kufanya Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kambi yenyewe iliitwa HMS Pembroke. Jina la meli kabisa, ila ni majengo ya nchi kavu, ndo utaratibu wao. Walianza kujenga 1897 Malkia Victoria akiwa hai, mabaharia wakahamia rasmi 1903 bibi ameshafariki na mwanawe Edward ndo mfalme. Kabla ya hapo baharia asiye na meli alikuwa analala kwenye meli kuukuu zilizofungwa mtoni, unyevu, msongamano, maradhi. Ukiingia getini leo unakuta mabweni marefu ya matofali mekundu, mengine bado yana majina ya maamiri wao, Nelson, Blake, Grenville, Hawke, madirisha yamepangwa safu kwa safu sawasawa, yaani jengo lenyewe linakupigisha gwaride. Na cha kuchekesha, hata walipohamia humo waliendelea kulala kwenye vitanda vya kuning'inia kama bado wako baharini.

Halafu kuna kitu watu wanakipita haraka sana hapa. Kabla ya kambi, eneo lile lilikuwa gereza la wafungwa, na hao wafungwa ndo walitumika kwa miaka kuchimba na kujenga upanuzi wa bandari ya kijeshi. Habari za maamiri utazikuta kwenye milango, za wafungwa mpaka uulize. Kwa hiyo ile ya kusema wanathamini historia, tuulizane kwanza, ya nani?

Jengo ninalolipenda pale ni ukumbi wa gwaride. Ulijengwa ili watu wafanye mazoezi mvua ikinyesha (na hapa inanyesha), mrefu kiasi kwamba ukimuona mtu mwisho wa ukumbi humtambui. Usiku wa tarehe 3 Septemba 1917 kambi ilikuwa imejaa, mabaharia mamia wakalazwa humo kwa sababu mabwenini hakuna nafasi, ndege za Wajerumani aina ya Gotha zikaja na mbalamwezi, bomu likatua juu ya paa, na paa lilikuwa la vioo. Walikufa zaidi ya mia, wengi kwa vile vipande vya vioo vilivyowashukia wamelala. Wengi wao wamezikwa makaburi ya Woodlands pale Gillingham, siyo mbali.

Ukumbi huo huo leo ni maktaba ya vyuo vikuu. Kambi ilifungwa 1984 pamoja na bandari yake, mji ukapata pigo la ajira, na baadaye vyuo vikaingia. Mtu anakaa na laptopu na kahawa, anahangaika na asaimenti, juu yake lile paa refu. Jengo liko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, gredi ya pili, maana yake hata dirisha hulibadilishi bila kibali cha halmashauri, na ndo maana baadhi ya vyumba ni baridi, Januari ndo usiniambie kitu. Lakini paa likivuja kuna mtu ameajiriwa wa kupigiwa simu, na bajeti ipo, kwa sababu wanafunzi wanalipa ada na hawawezi kusomea kwenye dimbwi.

Sasa tuje nyumbani, na siyo kwamba nalazimisha. Meli ya HMS London iliyofungwa Zanzibar miaka ya 1870 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880 kukamata majahazi ya watumwa ilijengwa hapa hapa Chatham, ikashushwa majini 1840. Kule Unguja ilikuwa ni kambi inayoelea, ndo mtindo ule ule wa kulaza watu kwenye meli kuukuu. Na ni jeshi hilo hilo lililopiga kasri la Sultani tarehe 27 Agosti 1896, kama dakika arobaini hivi, Beit al Hukm, moja ya majumba ya kasri hilo, kwisha. Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu la jirani yake, aliyoijenga Sultan Barghash 1883, ikanusurika mizinga ile, halafu ikaja kuporomoka yenyewe tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa.

Mi naona kwetu jengo la zamani lina njia mbili tu. Liwe makumbusho, mwenyeji aingie mara moja akiwa darasa la tano na shule yake, au liwe hoteli ambayo mwenyeji hanywi hata soda. Mambo Msiige, jumba la zamani pale Mji Mkongwe wa Unguja, ni hoteli sasa, imependeza sana, sikatai, ila mtoto wa mtaa wa Malindi hapo hapo mjini anaingia pale kufanya nini? Wakati mfano mzuri tunao wenyewe, hospitali ya Ocean Road pale Dar, Wajerumani waliifungua 1897, mwaka ule ule Chatham wanaanza msingi, na mpaka leo watu wanatibiwa kansa pale. Hakuna anayejiuliza kama libomolewe au lisibomolewe.

Ila najua mtu ataniambia mbona nyumba za Mji Mkongwe zina watu ndani na bado zinaanguka. Kweli kabisa. Mpangaji anayelipa kodi kidogo hawezi kununua mihimili ya boriti na chokaa, na mwenye nyumba aliyebaki na hisa moja ya urithi kati ya ndugu kumi na tatu hawezi pia. Kulikalia jengo haitoshi, lazima anayelitumia awe na mfuko wa paa, na huo mfuko usisubiri mfadhili kila mara.

Beit al Ajaib ikisimama tena, mi ningeomba ghorofa moja iwe maktaba ya wanafunzi wa form four na form six, bure, iko wazi mpaka saa nne usiku, na kwenye bajeti mshahara wa kwanza kuandikwa uwe wa fundi wa kusafisha mifereji ya maji kabla ya masika. Tiketi za watalii waziweke ghorofa nyingine, wala sina ugomvi nazo.