Ornette Coleman hakuwa anabahatisha

Nimechoka na hii hoja ya eti Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, alikuwa hajui saksafoni, anapuliza tu chochote kinachokuja. Jamani, huyu ni mtoto wa Fort Worth, Texas, kazaliwa 1930, amekulia kwenye bendi za bluzi za kuchezesha watu, na ukimsikiliza vizuri bluzi haijawahi kumtoka. Kule Baton Rouge, Louisiana, walimpiga na saksafoni yake ikaharibiwa, halafu akafika Los Angeles akawa anaendesha lifti dukani huku anajisomea nadharia ya muziki, na usiku akipanda jukwaani wenzake wanashuka!

Ile saksafoni ya plastiki nayo wanasema ilikuwa mbwembwe. Mbwembwe gani? Hakuwa na hela ya kununua ya shaba, ndo akachukua hiyo, baadaye akaipenda sauti yake.

Novemba 1959 akaingia Five Spot, klabu ya jazz ya New York, mji ukagawanyika: Leonard Bernstein, mtunzi na kondakta wa okestra, anamsifia, Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz, anamponda. Mimi naona kilichowachanganya ni kwamba bendi haikuwa na piano, yaani Don Cherry tarumbeta, Charlie Haden besi, Billy Higgins drams, basi. Piano ndo huwa inampangia mpulizaji hapa noti zipi zinakaa na zipi hazikai, sasa ukiitoa, melodi yenyewe ndo inaamua iende wapi na wengine wanaifuata kwa masikio. Hiyo inataka umakini kuliko kawaida, we jaribu uone.

Sio kwamba namtetea kwa kila kitu. Vayolini yake aliyojifundisha mwenyewe inanichosha. Mwaka 1966 alirekodi albamu na mwanawe Denardo kwenye drams, mtoto wa miaka 10, watu wakacheka sana na kwa kweli hata mimi ile siiwezi. Ila Sound Grammar, albamu iliyompa Pulitzer, tuzo kubwa ya muziki Marekani, 2007 akiwa na miaka 77, anayepiga drams ni nani? Denardo huyohuyo. Mzee alifariki 2015, na hakumtupa kijana wake kwa ajili ya maneno ya watu.

Ila na nyie mashabiki wenzangu mnakosea, mtu mpya mnampa albamu yake ya Free Jazz aliyorekodi 1960, bendi mbili zinapiga kwa pamoja dakika 37, lazima akimbie. Mpeni kwanza wimbo wake wa Lonely Woman, drams zinakimbia huku melodi inajivuta taratibu inalia, akiipenda hiyo ndo muendelee.