Tondo hayumo kitabuni

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la pili. Wiki iliyopita alirudi kutoka skuli kanuna, daftari kalikumbatia kifuani. Swali lilikuwa jepesi: taja wanyama watatu wanaoishi majini. Yeye akaandika pweza, samaki tasi, na tondo, yule konokono wa mikokoni. Pweza kapata tiki, tasi kapata tiki. Tondo kakatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu kaandika: "Hayumo kitabuni."

Mtoto huyu kazaliwa Chwaka, mashariki ya Unguja, pwani yenye mikoko mingi kuliko kwengine kote kisiwani. Tondo kamwokota, kamla, na ganda lake kachezea. Leo anaambiwa hayumo.

Simlaumu sana mwalimu. Ana darasa lililojaa na kitabu kimoja, naye anasahihisha kwa kile alichopewa. Lakini siku nilipokwenda kumchukua mtoto niliiangalia chati ya wanyama wa majini iliyobandikwa ukutani: pengwini, sili, dubu mweupe juu ya barafu, nyangumi. Nyangumi sawa, hupita kwetu, wavuvi wanawaona. Hao wengine mtoto wa Chwaka atawakuta wapi? Sina ugomvi na pengwini. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto anaanza kusomeshwa bahari kwa kuanzia mbali kabisa na anapokaa, halafu tunataka akue awe mlinzi wa bahari hii ya mlangoni kwao.

Mtazame huyo tondo kwanza. Ni konokono mweusi mrefu, ganda limechongoka kama pia, anakaa topeni chini ya mikoko. Akiwa mdogo anakula tope, yaani vile vijitu vidogo vidogo vilivyomo ndani yake. Akikua anabadili chakula, anahamia kwenye majani ya mkoko yaliyoanguka. Maji yakipwa, likidondoka jani bichi, utawakuta tondo watano au sita wamelizunguka, kila mmoja na upande wake, kama watoto kwenye sinia la wali. Nimewahi kukaa na watoto juu ya mzizi wa mkoko tukingoja jani lidondoke. Tuliposhindwa kungoja tukaliangusha wenyewe, ambalo si jambo la kujivunia, lakini watoto walinyamaza kimya robo saa nzima wakitazama. Mwenye mtoto wa miaka sita anajua robo saa ya kimya ina bei gani.

Baada ya hapo huna haja ya kumweleza "mfumo wa ikolojia". Mmoja wao aliniuliza mwenyewe: "Sasa mkoko ukikatwa, watakula nini?" Hilo ndilo somo la hifadhi, na kalitoa yeye.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kwa watoto wadogo hifadhi isiwe mwanzo wa somo. Mwanzo ni jina. Halafu kwake ni wapi. Halafu anakula nini na nani anamla. Mtoto wa maandalizi ukimwambia "tulinde mazingira ya bahari" umemwambia upepo. Lakini mwambie kwamba changu wadogo hujificha kwenye mizizi ya mikoko na majani ya baharini mpaka wapate nguvu ya kutoka kwenda mwambani, naye anaelewa, kwa sababu na yeye ana kwao na ana wakubwa anaowakimbia. Kisha umwonyeshe kisiki cha mkoko uliokatwa kwa boriti au kwa kuchomea chokaa. Maneno hayahitajiki mengi.

Kuna jambo jengine ambalo halinipendezi, nalo najua litawaudhi baadhi ya wenzangu. Ni zile siku za usafi wa pwani. Watoto wanavishwa fulana, wanapewa mifuko, wanaokota chupa na kamba za nyavu zilizotupwa na watu wazima, wanapigwa picha, wanapewa juisi ya chupa ya plastiki, wanarudishwa nyumbani. Hakuna aliyewaonyesha hata kaa mmoja. Mtoto anaondoka na picha kwamba bahari ni jaa. Takataka ziokotwe, ndiyo, lakini asubuhi hiyo hiyo igawanywe: saa moja ya kutazama viumbe kwanza, ndipo mfuko wa taka. Ukishamwona kasa anavyokula majani ya baharini na ukaambiwa mfuko wa nailoni humdanganya akadhani ni konyeza, yule kiumbe laini anayeelea majini, utauokota bila ya fulana.

Nami nina kosa langu. Miaka michache nyuma niliwaachia watoto waokote makombe mazuri mazuri ufukweni, tukayajaza ndoo, tukayapanga barazani. Usiku dada yangu kapiga kelele: kombe moja linatembea sakafuni. Ndani mlikuwa na kaa, wale wanaohamia kwenye maganda ya konokono waliokufa. Tulimrudisha yule kwa tochi. Wenzake wawili tuliwagundua siku ya tatu kwa harufu. Watoto walilia, na mimi niliyekuwa najiita mwalimu wa bahari sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo, kila ganda tunaligeuza na kuchungulia, na hata likiwa tupu tunaliacha, maana kaa akikua hutafuta ganda kubwa zaidi la kuhamia, na ukibeba maganda yote umebeba nyumba za kupanga za mtaa mzima.

Nikilazimishwa kuchagua sheria moja tu ya kumfundisha mtoto pwani, ningechagua hii: ukigeuza jiwe, lirudishe ulivyolikuta. Chini ya jiwe kuna mayai, kuna vitu laini vilivyojishikiza kivulini, kuna kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, mdogo kama kitufe. Likiachwa kichwa chini, jua linawakausha wote kabla maji hayajarudi. Mtoto wa miaka mitano anaiweza sheria hiyo. Ina kitendo, ina sababu, na matokeo yake anayaona kwa macho.

Wapo wanaosema tukiwafundisha watoto kuwapenda hawa wanyama watakataa kuwala. Hayo ni mawazo ya watu wa mbali na pwani. Kwetu pweza ni mchuzi wa nazi na pia ni kiumbe mwenye mioyo mitatu na damu ya buluu, na mtoto anabeba yote mawili bila taabu. Mwambie kwamba pweza jike akishataga hukaa pangoni analinda mayai yake, hali chakula, mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Halafu mwambie kuhusu Kisiwa Panza kule Pemba, ambako wanakijiji waliamua wenyewe kulifunga eneo la mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, ndipo wanalifungua na kuvuna. Mtoto aliyewahi kukatazwa kutungua embe changa anaelewa mara moja. Pweza hukua haraka, kwa hiyo hata subira yenyewe si ndefu.

Na walio mbali na bahari wasijione wamesahaulika. Ukiwa Mwanza una sato, ambaye mama huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakishaanguliwa na kuanza kuogelea, wakiona hatari hurudi kujificha humo humo. Mwenye ziwa asifundishe papa.

Shida kubwa ni kwamba watoto wetu wengi, hasa wa kike, wanakulia pwani bila ya kujua kuogelea, na chini ya maji hawajawahi kupaona. Kisiwani Chumbe wamekuwa wakiwachukua wanafunzi wa Unguja kwenda kuyaona matumbawe kwa miwani ya kuzamia, na ni kazi ninayoiheshimu sana, maana mwamba ule una zaidi ya aina 400 za samaki. Lakini mashua haziwezi kubeba kila skuli. Sisi tuna miwani moja, mpira wake umefungwa kwa uzi, na watoto saba. Wanapokezana wakiwa wamesimama kwenye maji ya magotini, mmoja anainamisha uso, wengine wanahesabu mpaka ishirini. Wa kwanza alisahau kwamba yumo majini akapiga kelele "Samaki!" akanywa maji ya chumvi.

Sasa nirudi skuli. Pwani yetu maji ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo bahari inapofunguka, unatembea mpaka mbali, kila kidimbwi kina wakaazi wake. Na saa nne asubuhi watoto wako wapi? Darasani, wanatazama dubu mweupe. Mara mbili kwa mwezi bahari inaweka chati yake yenyewe, hatua chache kutoka mlango wa darasa, bure.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba asubuhi moja tu ya bamvua kwa mwezi, na bibi mmoja au wawili wa hapa kijijini wafuatane nasi, wale waliochokoa pweza maisha yao yote. Hakukataa. Alisema niandike barua na kila mzazi atie saini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, huyo tondo anapatikana upande gani, kwa sababu yeye ni mtu wa bara.

Barua ninayo mkononi, imebaki saini za wazazi wanne. Mwezi unaandama wiki ijayo.