Msiitupe, inangoja kipupwe

Wiki moja kabla ya sikukuu, dada mmoja ninayefanya naye kazi aliitupa kaktasi yake ya Krismasi jalalani, pamoja na chungu chake. Kisa? Desemba imefika na haijatoa hata ua moja, na aliyemuuzia alimwahidi maua ya Krismasi. Mmea ulikuwa mzima kabisa, vipingili vimenona, rangi imekoza. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Jamani, ile Krismasi ni ya wenzetu wa kaskazini. London mchana wa Desemba ni wa saa nane tu. Tangu mwishoni mwa Septemba usiku unauzidi mchana, baridi inaingia, na mmea unajua wakati wa kutoa maua umefika. Hapa Arusha mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata nusu saa. Giza letu ni lile lile mwaka mzima, kinachobadilika ni baridi. Sasa Desemba, jua linawaka na usiku una joto, mmea huo utachanua kwa kuambiwa na nani?

Asili yake ni milima ya pwani ya kusini mashariki mwa Brazili, jirani na Rio de Janeiro, unakoota juu ya miti na kwenye mianya ya miamba, penye ukungu. Huko ni kusini mwa Ikweta kama kwetu, na huko huchanua kuanzia Mei. Kwa hiyo tunapoulazimisha Desemba, sisi ndio tuliokosea kalenda. Masika ni wakati wake wa kurefusha vipingili. Mvua zikikatika na usiku ukashuka chini ya nyuzi 15, ndipo unaanza kazi ya maua. Yangu hufungua Julai kuelekea Agosti, wakati bustani nyingine imeshanyauka kwa ukavu, na ndiyo maana naipenda kuliko waridi lolote.

Mwanzoni hutaona ua. Chungulia ncha ya kipingili cha mwisho: utaona kitone chekundu, mfano wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Hilo ndilo tumba. Ukishaliona, acha chungu pale pale kilipo. Usikizungushe, usikihamishie sebuleni ili wageni wakione, usikikaushe wala kukifurikisha maji, maana matumba yatapukutika yote. Ukivumilia, ua litatoka jembamba, refu, petali zimerudi nyuma kwa tabaka kama ua lililozaliwa ndani ya ua. Asubuhi ndege aina ya chozi huja kulijaribu kwa midomo yao.

Jirani yangu alikuwa anaiweka yake ndani, karibu na runinga, taa inawaka hadi usiku wa manane. Miaka inapita, majani matupu (najua si majani, ni shina, lakini ndivyo tunavyosema). Nilimsihi aihamishie kwenye kibaraza cha nyuma, pasipo taa ya ulinzi. Kipupwe kilichofuata akanigongea mlango asubuhi, mikono imejaa udongo, kuniita nikaone.

Nakubali, wapo wanaofunika mmea kwa boksi tangu jioni hadi asubuhi, saa 14 za giza kwa wiki kadhaa, na wanapata maua. Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, wenye usiku wa joto, huenda hiyo ikawasaidia. Lakini kwa mtu wa Arusha, Lushoto au Limuru, baridi ipo bure nje ya dirisha. Wa Njombe tu ndio waingize ndani usiku wa jalidi.

Wauza maua, nawaomba mwambieni mteja ukweli: "Mama, hii ni ya Julai." Na kwa yeyote anayetaka kutupa yake, asiitupe. Nyonga vipingili viwili vitatu kutoka nchani, viache kivulini siku mbili kidonda kikauke, vichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa majani yaliyooza, umpe jirani.