Kitabu alichonyang'anywa mpwa wangu

Wiki iliyopita mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, alirudi nyumbani Mafinga macho yamemvimba. Amenyang'anywa riwaya. Ni ya binti wa miaka 15 aliyetolewa kitandani usiku pamoja na mama yake, wakapakiwa behewa la mizigo hadi Siberia kukata magogo, enzi za Vita Kuu ya Pili. Mwalimu kamwambia: "Vita ya Wazungu inakuhusu nini? Soma vya mtihani."

Inamhusu nini? Jumamosi nilimpandisha basi, tukashuka Ifunda.

Sisi wa Iringa tunapita pale kila siku, na makaburi ya Wapolandi tunayajua. Ila tukiulizwa walifuata nini huku, tunasema "wakimbizi" basi. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti walizoa familia nzima nzima za Kipolandi, wazee kwa watoto, wakazipeleka kwenye kazi za shuruti huko huko kwenye theluji. Hitler alipowageukia Wasovieti mwaka 1941, Wapolandi hao wakaachiliwa. Mwaka 1942 wakaanza kuvuka Bahari ya Kaspi hadi Iran, mifupa mitupu, na kutoka huko wengi wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki. Tengeru, Kondoa, Kidugala kule Njombe, na hapa Ifunda. Watoto wa kambi za Siberia walikua kwenye baridi yetu hii!

Mpwa wangu alipangusa vumbi kwenye jiwe moja, akafuatisha herufi kwa kidole. Jina lilimshinda kutamka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, ni wale wale wa kwenye kitabu?"

Kitabu cha historia kilimpa miaka, akaikariri, akaisahau. Riwaya ilimpa binti wa rika lake anayepima kipande cha mkate kwa macho, ale sasa au amwekee mdogo wake. Hapo ndipo mtoto anaielewa vita. Wanaosema visa hivi vinawatisha watoto, wakumbuke waliopitia hayo walikuwa watoto.

Sehemu moja mwalimu ana hoja, na inaniuma kuikubali. Mpwa wangu anaijua Siberia kuliko anavyoijua Tanga ya mkonge. Miaka ile ile Wapolandi wanashushwa Ifunda, serikali ya kikoloni ilikuwa inaandikisha watu kwa nguvu Tanganyika hii kwenda mashamba ya mkonge na mpira, maana Wajapani walishaiteka Malaya, kulikokuwa kunatoka mpira. Kabla ya hapo na baada yake, vijana wa Ubena, huko Njombe, walisombwa kwa magari wakaitwa manamba kwa namba walizoandikiwa, mtu na kipande chake, yaani kadi ya kazi, siku 30 za kazi ziwekewe alama moja moja. Riwaya ya kijana wa miaka 16 aliyetolewa Njombe akapelekwa kwenye mkonge iko wapi? Waandishi wetu, nawasihi, iandikeni. Wazee waliobaki ni wachache mno.

Lakini dawa ya pengo hilo si kumnyang'anya mtoto kitabu alicho nacho. Jumatatu nitakwenda mwenyewe shuleni kukiomba, kwa adabu.

Tukiwa kwenye basi la kurudi alikaa kimya hadi tulipokaribia Mafinga. Kisha akauliza: "Babu mzaa bibi si alikwenda Tanga? Aliandikwa namba ngapi?"

Nilimpigia mama. Naye hajui.