Mmecheka kibatari changu

Jumapili iliyopita nilichekwa hadharani kwa sababu ya taa.

Nilikuwa Coco Beach, ufukweni Dar es Salaam, giza linaingia, Datsun 240Z yangu, gari la michezo la miaka ya sabini, nimeiegesha karibu na wauza mihogo, nangoja pilipili iongezwe. Nia ilikuwa niondoke kabla foleni ya Jumapili haijafunga barabara. Nikawasha taa. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga picha gari na mwenzake akainama mbele, akachungulia, akainuka na huruma usoni. "Mzee baba, gari lote hili umeling'arisha hivi, halafu mbele umefunga vibatari?"

Wakacheka. Muuza mihogo naye akacheka, na nilikuwa nimeshamlipa.

Ningeyameza yakaisha. Lakini kijana alipoingia kwenye gari lake akawasha za kwake, LED zilizopachikwa ndani ya taa ambazo kiwanda kilizitengeneza kwa balbu ya kawaida, nikamwona mama aliyekuwa anavuka na mtoto akisimama ghafla katikati ya lami, kiganja usoni, hajui aende mbele au arudi. Kijana akampigia honi. Yaani umpofushe mtu, halafu umpigie honi kwa kutokuona!

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana msipoipata kwangu mtaitafuta kwa jirani. Na mimi nilizifunga hizo. Gari lilipotoka kwa fundi rangi, taa zake zilikuwa hafifu kweli, kijana angelikuwepo siku hiyo ningemwambia karibu ucheke. Nikaenda Kariakoo, nikauziwa jozi ya LED kwa elfu thelathini na tano, boksi limeandikwa lumeni, yaani kipimo cha mwanga, nyingi kuliko watu wa Mbagala. Nikazichomeka mwenyewe, dakika kumi, nikajiona fundi. Wiki hiyohiyo nikarudi usiku kutoka Bagamoyo. Kila gari lililokuja mbele yangu linanipiga fulu, ile taa ya mbali. Mimi, kwa ujinga wa mtu mwenye gari jipya lililo zee, nikadhani wanaisalimia Datsun. Nikawa najibu kwa honi.

Nilipopita Mapinga nusura nimgonge mtu. Alikuwa kushoto, pembeni kabisa, anasukuma baiskeli ya mkaa, magunia matatu, shati jeusi. Lami iliyo mbele ya bampa yangu ilikuwa nyeupe kama sakafu ya hospitali. Yeye sikumwona mpaka nilipoweza kuhesabu kamba za magunia yake.

Hapo ndipo watu wengi tunapodanganyika. Tunapima taa kwa ukali wake tukiwa tumesimama mbele ya gari gereji, wakati taa inapimwa ukiwa nyuma ya usukani, gizani, kwa umbali. Lami ya karibu ikiwaka sana mboni ya jicho inajibana, na ikishajibana, kilichoko mita sitini mbele kinazidi kuwa giza. Unalipa pesa uone vizuri kidole cha mguu wako.

Na kisa chenyewe si uchawi. Chukueni balbu ya H4, hii ya miguu mitatu, muiangalie vizuri. Ndani ina nyuzi mbili, wa dimu, yaani mwanga wa chini, na wa fulu. Chini ya ule wa dimu kuna kikombe cha bati, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kazi yake ni kuzuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, kwa sababu mwanga ukiangukia huko unarushwa juu, kwenye macho ya anayekuja. Bakuli lote, na mistari yote mnayoiona kwenye kioo, vimepigiwa hesabu kutoka pale uzi ulipo. Ukiusogeza kwa milimita, hesabu imevurugika. Sasa wewe unatoa uzi mwembamba, unaweka kibamba chenye vitone vya LED pande mbili na feni mgongoni, halafu unataka bakuli lilelile likutupie mwanga palepale. Ni kama kumshonea mtu suti halafu akaja kuivaa kaka yake.

Kwa hiyo LED nikazing'oa. Lakini balbu za kawaida nazo zilikuwa hafifu, na hapa ndipo nilipopata akili, si kwa kusoma, kwa fundi umeme mmoja wa mtaa wa Gerezani ambaye hana hata kibao cha kazi, ana stuli na mita ya kupimia volti. Nilimwambia nataka balbu kali zaidi. Hakunijibu. Akawasha injini, akawasha taa, akachomeka mita kwenye betri: volti 13.8. Akaja mbele, akachomeka kwenye soketi ya taa ileile inayowaka: 11.6.

"Bosi," akaniambia, "zile mbili zimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanifungulia swichi ya taa, hii iliyo kwenye shingo ya usukani, akaimwaga juu ya gazeti. Vishaba vya ndani vilikuwa vyeusi, kimoja kimelika katikati kama jino bovu, grisi imekauka ikawa ngumu kama nta ya sikio. Plastiki iliyovishika imegeuka rangi ya chai. Kwa wasiozijua hizi Datsun: umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi hiyo. Taa mbili za wati 55 ni karibu ampia tisa, na kila usiku hizo ampia zinapita kwenye vishaba vyenye umri wa kunizidi, kisha kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho kati ya giya na dashibodi, ambacho nacho kinajulikana kwa kuyeyuka, kisha kwenye waya nyembamba hadi mbele. Volti zinafia njiani, zinageuka joto. Na mwanga wa balbu hauteremki sawasawa na volti, unaporomoka: ukipoteza sehemu moja ya kumi ya volti, mwanga umepungua karibu theluthi. Mimi nilikuwa nimepoteza zaidi ya hapo. Nilikuwa naendesha na nusu ya taa, halafu natukana balbu.

Dawa yake ni rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme kidogo ili zipitishe umeme mwingi, moja ya dimu na moja ya fulu. Waya nene inatoka betri moja kwa moja na fyuzi yake karibu na betri, inapita kwenye rilei, inakwenda taa. Ethi mpya, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, kila upande, imefungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka liwe jeupe, kisha likapakwa grisi, maana hewa yetu hii ya chumvi haisamehi. Swichi ya zamani inabaki mahali pake, ila sasa inabeba umeme kidogo tu wa kuamsha rilei. Waya wa kiwanda hatukukata hata mmoja. Kesho nikitaka kuirudisha ilivyotoka Japani, nachomoa soketi mbili. Fundi alitumia mchana mmoja, na gharama nzima pamoja na soda yake haikufika bei ya rimu moja ya huyo kijana.

Alipopima tena kwenye taa: 13.4. Akaniangalia, akaitia mita mfukoni, akaomba hela ya kula. Sijawahi kulipa kwa moyo mweupe namna ile.

Halafu kuna kioo. Shemeji yangu aliyeko Dubai, ninayempenda na ataendelea kuwa shemeji yangu, aliniletea jozi ya taa za inchi saba za kupokea balbu ya H4, kioo kizito, kazi nzuri ya Ulaya. Nikazifunga kwa furaha. Zikawa zinamulika vizuri upande wa kulia, yaani kwa dereva anayekuja. Dubai wanaendesha kulia, sisi tunaendesha kushoto, na dimu ya taa za namna hii haiko sawa pande zote: upande mmoja unakatwa chini, upande wa pili, ule wa ukingo wa barabara, unapanda kwa pembe ya digrii 15 ili umulike mbali pembeni. Kwetu lazima upande kushoto. Na pembeni kushoto kwetu kuna nini? Kuna yule wa baiskeli ya mkaa. Kuna wanafunzi wa Bunju wanaotembea alfajiri kwa sare za bluu, kuna mkokoteni usio na hata kipande cha karatasi ya kuakisi, kuna boda iliyokufa taa ya nyuma tangu mwaka juzi. Nchi hii yote iko kushoto pembeni, na mtu anafunga taa zinazomulika kulia kwa sababu "ni orijino za Ulaya."

Kabla hujanunua, simama mbele ya hiyo taa uitazame usoni. Za viwango vya Ulaya zilizotengenezwa kwa barabara kama zetu zina mshale mdogo kwenye kioo unaoelekea mkono wako wa kulia. Zenye mshale wa vichwa viwili zinageuzwa. Zisizo na mshale kabisa ni za wanaoendesha kulia, warudishie wenyewe. Za shemeji ziko sebuleni, mke wangu kazipanga kwenye kabati la vyombo na wageni wanadhani ni bakuli za pilau.

Sasa nitakubali jambo moja, na nitalikubali mara moja tu: LED yenyewe si adui. Taa nzima ya LED iliyoundwa tangu mwanzo kuwa LED, na lenzi zake mwenyewe, ni kitu kizuri, inakula umeme kidogo, na kwa oltaneta za zamani, zile zinazozalisha umeme wa gari, hiyo ni nafuu. Zipo za inchi saba zinazoingia pale pale. Bei yake inauma, na sura inalifanya gari la miaka ya sabini lionekane limevaa miwani ya mjukuu wake, lakini sitasema haimuliki. Taa za dashibodi, weka LED ukitaka. Indiketa, weka, kisha unipigie simu rilei ya zamani itakapogoma kupepesa kwa sababu haisikii mzigo.

Kuhusu mengine ya kufufua gari sitachosha watu. Kutu ya 240Z inakaa chini ya betri, kwenye sakafu na kwenye mbavu za chini. Ukianza na rangi kabla ya huko, umepaka mkorogo juu ya kidonda. Puti si bati. Ekzosi ya kelele ni yako na majirani zako na Mungu wenu.

Ila kinachoniudhi zaidi ya yote ni kwamba gari hili, katika magari yote, ndilo linaloitwa la kibatari. Gari lililoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapo Uganda, na Lofty Drews, baada ya kufungana pointi na Datsun nyingine, 180B ya Harry Källström. Silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili, usiku wa manane kwenye tope la Afrika Mashariki, barabara haijafungwa, ng'ombe wako huru. Wale walifunga taa za ziada mbele, ndiyo, za balbu yenye uzi. Hakuna aliyewachekea mihogo.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuzilenga, na hiyo haikugharimu hata shilingi. Nilijaza upepo matairi, nikaiweka gari sehemu tambarare, mita kumi kutoka ukuta wa jirani yangu hapa Tabata. Nikapima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, nikaenda ukutani nikachora mstari wa chaki kwa urefu huohuo, na mwingine sentimeta kumi chini yake. Mwanga wa dimu unatakiwa ukatike kwenye huo wa chini. Nikawa nazungusha skrubu, robo kwa robo, nakimbia ukutani, narudi. Jirani akatoka na msuli, tochi mkononi, akauliza ni nani anayemchorea nyumba kama anakuja kubomolewa. Nikamweleza. Akanyamaza, akautazama ule mwanga ukutani, umekatika kama uliopigwa rula, na upande wa kushoto umepanda taratibu mpaka kwenye mwembe wake.

"Subiri," akasema. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa gari lake.

Kijana wa Coco Beach, nawe kama unasoma, karibu. Mistari bado ipo. Jirani amekataza isifutwe.