Bahasha ya kodi ya Machi, Birmingham

Kila Machi hapa Birmingham, Uingereza, bahasha ya kodi ya halmashauri huingia mlangoni. Ndani kuna daraja la nyumba yako, A hadi H, kwa bei ambayo ingeuzwa Aprili 1991. Kisha mafungu: halmashauri kiasi gani, polisi kiasi gani, zimamoto kiasi gani. Kwa kawaida unalipa kwa awamu 10, Aprili hadi Januari. Ninyi mliokwenda mkutano wa kijiji kusikiliza mapato na matumizi, mkaambiwa kitabu kimebaki ofisini, mnajua kwa nini karatasi hii inaniuma.

Mtasema uzungu umenipanda kichwani. Sikubali. Hawa Waingereza nao walikuwa na mabaraza ambayo wakubwa walichaguana wao kwa wao, na Birmingham, pamoja na viwanda vyake vyote vya chuma, haikuwa na baraza la kuchaguliwa. Sheria ya 1835 ndiyo iliyovunja mtindo huo: walipa kodi wachague madiwani, theluthi yao warudi kwenye kura kila mwaka, wakaguzi wa hesabu nao wapigiwe kura, na muhtasari wa hesabu uchapishwe. Birmingham ikapata hati yake ya kuwa na baraza 1838. Meya Joseph Chamberlain akanunua kampuni za gesi 1875 na ya maji 1876. Faida ya gesi iliingia kwenye mfuko wa mji. Maji hayakutakiwa kuleta faida. Mwaka 1904 maji yakaanza kutoka bonde la Elan, Wales, kilomita 117, yakiteremka yenyewe bila pampu.

“Birmingham hiyo hiyo si imefilisika?” Ndiyo, na inakera! Septemba 2023, madai ya wanawake waliolipwa pungufu na mfumo wa kompyuta wa hesabu uliokwama viliielemea. Mwaka uliofuata kodi ikapanda kwa asilimia 9.99. Lakini sheria ya 1988 humlazimisha ofisa wa fedha wa halmashauri kutoa tangazo pesa zisipotosha, na matumizi mapya yasiyo ya lazima husimama papo hapo. Hakuna diwani wa kumnyamazisha.

Zaidi ya hapo, kila mwaka vitabu hufunguliwa siku 30 za kazi. Unaandika barua, unataja mkataba au ankara unayotaka, unaisoma na kutoa nakala. Mpiga kura wa hapo akiona kasoro, anapeleka pingamizi kwa mkaguzi kwa maandishi.

Kwetu Tanzania mkutano wa kijiji wa kila miezi mitatu umo kwenye sheria tayari. Ubao wa matangazo upo ukutani. Ankara za kisima cha kijiji zibandikwe hapo.