Jirani mwenye muhuri

Wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia simu kaniambia kapata muvi kali ya jirani mbaya, nikamuuliza huyo jirani ana nini, akasema ana panga. Nikamwambia baki nayo. Jirani mwenye panga hanitishi hata kidogo, huyo unapiga yowe tu, watu wanatoka na rungu, na michi ya vinu, kesi inaisha siku hiyohiyo. Mi nataka yule anayekuja jioni kukusalimia, anaketi, anauliza watoto hawajambo, afu akiondoka unabaki unajiuliza mbona tumbo linakuuma.

Nakiri mimi ni mlevi wa muvi za majirani. Nimeangalia mpaka ile ya zamani kabisa ya Hitchcock, Rear Window ya 1954, mpiga picha kavunjika mguu kakaa dirishani anachungulia majirani kwa lenzi mpaka anaanza kuhisi kuna mmoja kamuua mkewe. Muvi tamu, sikatai, ila mtu uliyekulia Tabora lazima ucheke kidogo, yaani mtu anahitaji lenzi ili ajue ya jirani? Nyumba niliyokulia kule kata ya Ng'ambo kuta za vyumba hazikufika juu, mpangaji wa chumba cha pili akikohoa unamwambia pole bila kunyanyuka kitandani, na akigombana na mkewe mnazima redio wote kwa heshima (tunasema heshima, ukweli ni kwamba tunataka kusikia vizuri).

Kwa hiyo jirani anayeficha siri kwangu sio stori. Stori inaanza pale jirani anapokuwa na cheo. Kuna ile Unlawful Entry ya 1992, mke na mume wameingiliwa na mwizi, wanaita polisi, polisi anakuja, Ray Liotta huyo, mpole, anajali, anazoeleka mpaka anaalikwa ndani, kumbe kampenda mke wa mtu na sasa ana bunduki na ana jalada na anajua milango yote ya ile nyumba. Na kuna Lakeview Terrace ya 2008, hii ndo ninayotaka kuisema leo, maana watu wengi wanaipita tu wakidhani ni muvi ya ubaguzi wa rangi basi. Ubaguzi upo, ndiyo, Samuel L. Jackson ni polisi mweusi wa Los Angeles anaitwa Abel Turner, kafiwa na mke, analea watoto wawili peke yake, nyumba ya pili wanahamia kijana mzungu na mkewe mweusi na yeye hataki hata kuwaona. Hilo eneo la Lake View Terrace ndo kulekule polisi walikompiga Rodney King mwaka 1991, kwa hiyo waliochagua jina walijua wanachofanya.

Lakini angalia anavyowatesa. Hawapigi. Anafunga mataa makubwa ya ulinzi nyumbani kwake yanamulika moja kwa moja chumbani kwa wale vijana usiku kucha, basi. Wakimwambia, anasema ni usalama. Kelele zake ni sherehe tu ya kazini, na maneno yake yote ukiyaandika kwenye karatasi ukampelekea mtu asome ataona ni ya mzee mwenye busara anayewashauri vijana. Na wakipiga simu polisi, wanaokuja ni wenzake.

Hapo ndo nilipoisimamisha hiyo muvi mara ya kwanza nikatoka nje kupunga upepo, maana nilikuwa najua hiyo habari, naijua kwa jina lingine.

Sisi tulikuwa na jirani kiongozi wa mtaa. Mtaa siutaji na mwaka siutaji, ila ni enzi zile maji ya Ziwa Victoria hayajafika Tabora, tunategemea bwawa la Igombe na mgao wake, siku maji yasipotoka watu wanabeba ndoo. Baba alikuwa mtu wa reli, siku nyingi yuko safari, nyumbani yupo mama na sisi watoto. Jirani alitaka mama amuuzie kipande cha uani kwetu upande wenye uzio wa minyaa ili apate njia ya gari, mama akasema mwenye neno hilo ni baba yao, baba aliporudi akasema hapana. Hakuna aliyegombana. Jirani akasema sawa, shemeji, hamna shida, sisi ni ndugu.

Jumapili iliyofuata mama katoka sokoni kakuta Land Rover 109 kwenye kichochoro chetu. Bovu, haina injini, vijana sita waliisukuma wakaipandisha juu ya mawe, ikaziba njia ikabaki nafasi ya mtu kupita ubavu. Yaani ubavu kwelikweli, unavuta tumbo ndani. Sasa fikiria mama yako na ndoo ya lita 20 kichwani, hawezi kupita nayo hivyo, inabidi aishushe chini, aisukume mbele na mguu huku yeye akijibanza kati ya bati la gari na minyaa, na minyaa mnaijua, utomvu wake ukikuingia jichoni usiku huo hulali. Afu upande wa pili aitwishe tena. Kila safari. Nilikuwa nikirudi shule nakuta alama ya maji yaliyomwagika palepale, kila siku palepale.

Ukimwuliza anacheka. "Shemeji, naitafutia fundi hiyo, vumilia." Mwaka wa kwanza fundi, mwaka wa pili fundi.

Watu watasema si mngeshtaki. Haya, tulienda. Balozi wa nyumba kumi akasema jambo la majirani hilo malizaneni wenyewe, balozi mwenyewe jioni anacheza bao kwenye kibaraza cha mshtakiwa. Baba siku moja kaenda ofisi ya juu kidogo, kaulizwa swali moja tu, mmeanzia ngazi ya chini? Ngazi ya chini ndo yeye! Barua ya kumshtaki ilitakiwa ipite kwake aigonge muhuri. Sijawahi kuona mtego mzuri kama ule kwenye muvi yoyote ile, na hakuna mtu aliyeutega, upo tu umekaa kwenye utaratibu unasubiri mtu mwenye roho ya kuutumia. Waswahili wanasema mwenye nguvu mpishe, sawa, nimpishe niende wapi wakati minyaa ni mmoja na kichochoro ni kimoja?

Ndo maana mimi dakika ishirini za mwisho za muvi hizi zinaniudhi. Karibu zote. Watengenezaji wanakaa saa nzima wanakujengea kitu kinachouma taratibu, taa, kelele, tabasamu, afu mwishoni wanaogopa, wanatoa bastola. Lakeview Terrace nayo hivyohivyo, moto wa msituni unakaribia nyumba, risasi, watu wanakimbia. Ule moto naukubali maana umekuwa ukisogea toka mwanzo kama vile muvi nzima inapumua moshi, ila risasi walituonea. Zaidi ya hapo kuna pale Abel anapoeleza mkewe alivyokufa, ili tuelewe kwa nini kawa vile. Mi sikutaka kuelewa. Jirani yetu hakuwa na maelezo, mkewe alikuwa mzima anauza vitumbua, watoto wake tulisoma nao, alikuwa mtu wa kawaida aliyepewa kidude cha mbao chenye mpira chini na akagundua watu wanakiogopa.

Na msidhani ni mambo ya Wamarekani haya. Sungusungu walianzia hukuhuku kwetu, Unyamwezini na Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wizi wa ng'ombe umezidi, polisi wako mbali, wanakijiji wakashika upinde na mishale wakajilinda wenyewe na wezi kweli wakakimbia. Wazee wanaowasifia wana haki yao. Ila uliza wazee haohao wakiwa wametulia watakwambia pia sehemu nyingine ilivyokuja kuwa, faini zisizo na risiti, viboko, bibi kizee mwenye macho mekundu anaambiwa mchawi na anayemwambia ni kijana wa nyumba ya tatu aliyemlea mwenyewe. Mlinzi na anayekutisha ni mtu mmoja, mshale mmoja. Hiyo ni muvi. Hiyo ni muvi mara kumi ya Abel Turner na hatujaitengeneza.

Tunatengeneza nini sisi? Jirani mbaya wa Bongo muvi ni wa aina mbili, mchawi au anayemtaka mume wa mtu. Basi. Mchawi akishajulikana anaitwa mchungaji au mganga, moshi unafuka, anaanguka, tamati. Na kwenye vitabu vyetu, nilivyovipenda mpaka nikafeli hesabu kwa ajili yake, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa walipigana na majasusi wa makaburu, hoteli kubwa, ndege, warembo. Raha tupu. Ila hakuna hata siku moja Willy Gamba alihitaji barua ya utambulisho wa mkazi. Ningependa nimwone Willy Gamba kapanga foleni ya muhuri, wiki ya tatu, anaambiwa wino umeisha.

Maana mimi niliambiwa. Wino umeisha. Kesho yake muhuri kausahau kwa katibu, na muhuri wenyewe nauona umetuna mfuko wa shati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nina fomu ya mkopo wa chuo inataka saini na muhuri wa serikali ya mtaa, siku zinakimbia, kila jioni naenda kwake, shikamoo mzee, marahaba kijana, haraka ya nini, chuo hakihami.

Sasa wiki hiyohiyo ndo nilinunua stendi ile diski, mnazikumbuka, Samuel Jackson muvi nane kwa moja, maandishi ya chini ya Kichina. Usiku umeme upo, tv inchi 21, mama kaketi kwenye mkeka anabambua karanga, mimi natafsiri kwa sauti, mimi ndo Lufufu wa nyumbani, yule mtafsiri wa muvi. Hodi. Karibu. Ni yeye. Kasikia tuna muvi nzuri. Akakaa kwenye kiti cha baba.

Sikujua nifanye nini nikaendelea kutafsiri. Yaani nakaa namtafsiria mtu maisha yake mwenyewe, natetemeka, nategemea wakati wowote atanigeukia. Tulipofika kwenye yale mataa akacheka sana, akapiga paja, akasema "Huyu mzee ana akili!" Polisi walipokuja wakawa wenzake akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu anayeona kazi imefanyika vizuri. Mama hakunyanyua uso, nasikia tu maganda ya karanga, tak, tak. Na Abel alipopigwa risasi mwishoni mzee aliumia kweli, sio utani, alinyamaza kidogo halafu akasema wamemwonea. Nikamuuliza kivipi mzee. Akasema, "Si wamehamia wao? Wao ndo wamemkuta yeye pale."

Miaka yote hii nimejaribu kulijibu hilo neno kichwani na bado sijapata jibu linalonitosha. Watu wa muvi wanasema steringi hafi. Mzee wetu alikuwa anaangalia muvi ambayo steringi kafa.

Akaniomba diski. Ilikuwa bado ya moto, nikaitoa kwenye deki, nikaipangusa kwa shati, nikampa kwa mikono miwili. Akaiangalia huku na huku, akaiweka kwenye mfuko wa suruali, afu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. "Lete ile fomu yako kijana." Nikaileta mbio. Akasogeza maganda ya karanga kwa kiganja, akaufungua muhuri kwenye kipande chake cha nailoni, akaupulizia pumzi ya mdomo mara mbili, akagonga, akasaini.

Mama akasema ahsante shemeji. Mimi nikasema ahsante mzee. Akatuaga vizuri, akasema usiku mwema, na tukiwa tumekaa kimya tukamsikia huko nje kwenye kichochoro anahema, anavuta tumbo ndani, nguo inakwaruza bati, anajibanza kupita kwenye Land Rover yake.